Nishani ya Nne ya Babu

Kila Tarehe Sita, yaani 6 Februari, jeshi la Uganda likiadhimisha shambulio la waasi wa Museveni kwenye kambi ya Kabamba mwaka 1981, mjomba wangu hapa mjini Bombo huvuta kopo la bati kutoka chini ya kitanda na kumwaga nishani za babu mkekani. Ziko nne. Tatu huzifuta kwa kanga na kutupitishia mkono kwa mkono. Ya nne huirudisha koponi kabla watoto hawajauliza.

Zile tatu ndizo fahari yetu. Babu aliingia Keya, yaani K.A.R. (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, mwaka 1942, batalioni ya nne, ile ya Uganda. Mwaka 1944 walikuwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw, mvua haikatiki, malaria inaangusha watu, hadi Kalewa kwenye mto Chindwin. Alirudi na nyota mbili za pembe sita na nishani moja ya mviringo. Geuza upande wowote, hutaona jina lake. Nyota zile Waingereza walizigawa bila kuchonga majina, kwa hiyo ya babu na ya jirani yake ni pacha. Ikianguka njiani, ni ya aliyeiokota.

Ya nne ni ya fedha. Ina kichwa cha Malkia Elizabeth, na juu yake kibamba kilichoandikwa KENYA. Walipewa askari waliokaa siku 91 au zaidi katika operesheni dhidi ya Mau Mau, kati ya Oktoba 1952 na Novemba 1956. Kwenye ukingo, kwa herufi ndogo zinazotaka miwani, kuna namba ya babu, cheo chake, jina lake, na K.A.R.

Yaani kati ya zote, inayomjua mwenyewe ni hiyo tunayoificha.

Na hatuna kingine. Mwaka 1979 Amin alipoanguka, Wanubi wa Bombo, jamii yetu, walikimbia kwa kuhesabiwa watu wake, na Haboba, bibi yetu, alichoma kitabu cha jeshi, picha na barua kabla ya kufukia kopo shambani. Babu alikuwa ameacha jeshi tangu 1957, lakini siku zile nani angesimama kusoma tarehe?

Mjomba si mjinga. Binti yake ameolewa Nyeri, Kenya, kitovu cha Mau Mau. "Wakwe wakija wakaiona ukutani, nitawaambia nini?" Swali zito, na sina jibu la kumfurahisha. Mimi ningewapa waisome. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza yenyewe ilikiri mateso ya wakati ule ikakubali kulipa karibu pauni milioni 20 kwa Wakenya zaidi ya 5,000. Kama mwenye amri amefungua kinywa, sisi wajukuu wa koplo tunamlinda nani? Babu alifanya nini huko hakusema. Ya Burma alituhadithia mpaka tukasinzia. Kuhusu Kenya alisema kulikuwa na baridi.

Kasoro hii si ya nyumba yetu tu. Siku hizi Uganda ina nishani ya Kagera kwa waliompinga Amin, na ya Luwero kwa waliopigana msituni hadi 1986. Wapewe, walistahili. Ila kila nishani huanza kuhesabu historia ya askari siku mshindi aliposhika bunduki, na wazee waliotumikia kabla ya hapo, au upande ulioshindwa, hubaki bila sura. Halafu gwaride linapopita tunaitana "afande", neno la wazee hao hao wa Keya, na hata siku yenyewe tumeiita kwa Kiswahili cha kambini.

Mwezi uliopita nilimwambia mjomba natengeneza fremu, na zitaingia nne, kwa mpangilio aliozivaa babu. Hakukubali, hakukataa. Alinipa kopo.

Tatizo sasa ni utepe. Ule wa Kenya umeoza shambani, umebaki uzi. Ulikuwa wa manjano, pembeni mweusi, katikati mistari miwili ya kijani. Nimezunguka Kikuubo, sokoni Kampala, siku nzima na kipande hicho mkononi. Nimepata manjano tu.