Tele imelala miguu juu

Juzi siku ya mungu, jumapili, kura, yaani umeme, imerudi saa kumi kasoro dakika kumi, Katuba nzima, mtaa wetu hapa Lubumbashi, wakapiga oyeee kama timu yetu Mazembe imefunga, na kweli Mazembe yenyewe ilikuwa inaanza saa kumi kamili. Nikakaa vizuri, nikashika telekomande ya televisheni kama mtu mwenye cheo. Tele ikawaka, ikaandika jina lake kwa rangi nne, ikazungusha kale kaduara kake, halafu ikaniambia: kuna mizajuru, programu mpya, unganisha wifi.

Wifi! Mi naomba mpira, yeye anaomba mega zangu za intaneti. Nikafungua za telefone, nifanye nini, ikanywa, ikanywa, ikafika asilimia 43 na kura ikaenda. Iliporudi, tele haikupita tena pale kwa jina. Rangi nne, kaduara, basi. Nimeikalia mpaka saa mbili ya usiku kama mtu anakesha kilio.

Kesho yake manseba mmoja wa pikipiki akanibeba na ile tele nimeikumbatia katikati, mpaka kwa fundi upande wa Kenya, ule mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi. Kijana mdogo tu, lakini anaitwa dokta. Akafungua skuru za nyuma na sasa mi ndio nikaona aibu ya maisha yangu: ndani hakuna kitu! Kioo mbele, taa zake nyuma, halafu kakarte kamoja ka elektroniki sawa na kiganja, kengine ni hewa. Dola 130 nililipia hewa. Na pembeni kulikuwa tele ya mtu mwingine, imefunguliwa, jina lingine kabisa, ile wanaiuza bei juu kwa sababu eti ni marke, jina kubwa. Karte ile ile. Namba iliyoandikwa pale juu, herufi kwa herufi, mpaka kale kaspika kenye sauti ya panya.

"Dokta, hizi si mapacha?"

"Muzee, viwanda vya kioo ni vichache dunia nzima, wengi wananunua kule kule, kila mtu anabandika jina yake. Kinachotofautisha ni programu."

Akaanza kunihesabia kama mtoto wa katekisimu: Samsung wako na Tizen yao, LG wako na webOS, ambayo ilizaliwa kwa telefone za Palm mwaka 2009 na LG wakainunua 2013, Hisense wako na VIDAA, wengine wanachukua ya Google. Na telefone pia hivyo hivyo, jicho la kamera Sony anauzia kampuni chungu nzima, lakini Tecno wakakaa wakafundisha programu ya kwao kuona sura nyeusi vizuri, ndio maana kwenye harusi hatuonekani tena meno peke yake. Hapo nilikubali, lazima niseme ukweli, hapo walifikiri.

Lakini we fikiri na mimi kidogo. Shaba ya nyaya iko chini ya miguu yetu, kobalti ya betri zaidi ya nusu ya dunia nzima inatoka Kongo hii hii, wageni tunawaonyesha bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi, wanapiga foto, na mi mwana wa Katanga nakaa kwenye kiti cha plastiki naomba ruhusa kwa kaduara.

Sasa dokta akatoa kle moja ndogo ya USB, akasema humu kuna programu za tele aina zote. Akachomeka. Tele ikawaka! Nikapiga makofi. Ikaandika jina la marke nyingine, nikasema haina shida, hata mimi kama mtu angenipandisha cheo hivi bure ningenyamaza. Ikaongea kichina. Akachomoa, akaweka faili nyingine. Kifaransa, haleluya, na habari zikatoka, mtangazaji na tai yake, ila kichwa chini, miguu ya meza juu.

"Picha iko, muzee."

"Picha iko lakini kichwa iko chini!"

"Ni programu ya paneli nyingine, kioo si hiki. Kuna menyu ya kuigeuza, sema karte haiisikii telekomande yako." Kweli, ukipandisha sauti inabadilisha shene, chaneli, ukibadilisha shene inazima. Akatafuta faili ya tatu, na kura ikaenda kwa dokta pia. Nilimlipa nusu. Hata hiyo nusu inaniuma mpaka leo.

Nyumbani mama mkwe aliangalia mara moja tu, akasema: "Si mugeuze tele yenyewe?" Mtu na diploma yake ya Serikali alikuwa hajafikiri hilo. Tukaigeuza, tukaiegemeza kwa mfuko wa unga, na picha ikakaa sawa, ila miguu miwili juu kama mbuzi wa sikukuu. Spika iliyokuwa inatazama chini sasa inasemea plafon, dari, majirani wanasikia habari kabla yetu. Na kale kajicho ka telekomande kamepanda juu, unainua mkono kama unaapa kortini. Watoto wa mtaa wanakuja kuangalia tele, si kile kinachoonyeshwa.

Sitaki hata kuanza na radio yangu inayojitangaza bluetooth kwa kiingereza saa kumi na moja ya asubuhi, wala saa ya mkono ya mwanangu iliyomhesabia hatua elfu nne akiwa amekaa nyuma ya pikipiki.

Lakini mama ya batoto ameshafunika ile miguu na kitambaa cheupe cha kufuma, ameweka na maua ya plastiki katikati, na jana mgeni ameuliza tulinunua wapi modeli hii. Nikasema Afrika Kusini.

Saa hii ninapoandika dokta ametuma ujumbe: muzee, faili ya kweli nimeipata, iko na mega 600, nitumie mega niishushe. Na kura imeenda. Bujia, mishumaa, wameshapandisha bei tena, kamoja kembamba kama kidole cha mtoto, hakamalizi hata masaa mawili, nilitaka kusema kitu juu ya bujia lakini telefone iko asilimia