Huku hakuna kusubiri matokeo

Mpwa wangu wa Morogoro alimaliza kidato cha sita mwezi Mei. Nilipompigia simu kumuuliza anaomba chuo gani, akacheka: "Mjomba, matokeo hata hayajatoka!" Ana haki ya kucheka. Ndivyo tulivyolelewa: piga kitabu, fanya mtihani wa NECTA, kisha tulia. Wengine wanaitwa JKT, wengine wanasaidia dukani. Matokeo yakishatoka Julai ndipo mbio zinapamba moto: dirisha la udahili, mkopo wa HESLB, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, fomu igongwe muhuri serikali ya mtaa, mdhamini atafutwe.

Mimi nilihamia Columbus, Ohio, huku Marekani, na akili hiyohiyo, na nusura imponze binti yangu mkubwa. Nilijua shule inafungwa Juni, basi Juni tutakaa tupange. Oktoba ya mwaka wake wa mwisho mshauri wa shule akanipigia kuniuliza tumefikia wapi. Kumbe wenzake walishaanza kujaza Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, tangu ilipofunguliwa Agosti mosi, barua za walimu za kuwapendekeza walishaziomba, na wengine walikuwa wanakimbizana na tarehe 1 Novemba, siku ya mwisho ya maombi ya mapema kwa vyuo vingi. Vyuo vingi vya kugombaniwa vinafunga mwanzoni mwa Januari, majibu yanamalizika kutoka karibu na mwisho wa Machi, na kufika Mei mosi mtoto awe ameshachagua. Yaani anapata chuo kabla hajamaliza sekondari! Mama yangu nilipomweleza akauliza, "Na akifeli?" Nikamwambia huku hakuna mtihani mmoja wa kufeli, wanaangalia alama za miaka yote, na akilegea mwishoni chuo kinaweza kumfutia nafasi. Hakuelewa, na simlaumu.

Kilichotutesa zaidi ni insha ya maombi. Maneno yasizidi 650, mtoto ajieleze. Sasa huyu ni mtoto tuliyemfundisha tangu mdogo kwamba kujisifu ni utovu wa adabu. Aliandika habari za Jumamosi alfajiri, yeye na mama yake wakikanda unga wa mandazi ya wateja wetu, Wakongo na Wakenya wa mtaani. Ilikuwa tamu, ila kila sentensi ilikuwa "sisi": tuliamka, tulikanda, tuliuza. Mwalimu wake akaandika pembeni: wewe uko wapi humu? Aliganda wiki nzima. Katika rasimu ya mwisho ndiye anayeshika daftari la madeni, ndiye anayemwambia mama yake bei ipande, na mama mtu anakasirika. Niliisoma usiku jikoni nikagundua nina mtu mzima ndani ya nyumba.

Barua nazo! Nyumbani barua ya utambulisho unaifuata mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa, unaisoma, jina likikosewa unarudi nalo. Huku barua ya mwalimu inakwenda chuoni moja kwa moja, na mwanafunzi anashauriwa atie tiki kwamba hataomba kuiona.

Kuhusu pesa nitasema machache. FAFSA, fomu ya serikali ya kuombea msaada wa ada, kwa kawaida hufunguliwa Oktoba mosi, ingawa mwaka 2023 fomu mpya ilichelewa hadi mwisho wa Desemba. Inataka mapato ya mzazi, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Jamaa yangu mmoja, ana makaratasi yake yote, aligoma kuijaza akisema hawezi kuianikia serikali mfuko wake. Mwingine aliona ada ya chuo binafsi kwenye tovuti akafunga kompyuta, wakati vyuo vingine vyenye akiba kubwa humpunguzia mtoto wa mnyonge mpaka anaishia kulipa pungufu ya chuo cha jimbo.

Watu hapa wanajivunia kwamba wanamtazama mtoto mzima, si karatasi moja ya mtihani. Sawa, lakini anayeonekana mzima ni yule ambaye wazazi wake wanaijua kalenda. Mfumo wetu ni mkali, unaweza kumvunja mtoto kwa asubuhi moja mbaya, ila masharti yake hata bibi yangu asiyejua kusoma aliyafahamu.

Sasa wa pili yuko darasa la kumi na moja. Juzi nilimuuliza ni mwalimu gani atamwandikia barua. Akanitazama: "Baba, haraka ya nini?"

Nikadhani naongea na Morogoro.