Njaa si mwalimu wa chupa

"Mwache tu, njaa ikimzidi ataishika mwenyewe." Ushauri huo nilipewa na kila niliyemuuliza, wote kwa nia njema, wakati nahesabu siku za kurudi kazini na mtoto anaikataa chupa ya maziwa. Niliufuata mara moja. Mwanangu alikuwa na miezi mitatu. Alilia mpaka sauti ikamkauka, akawa anaisukuma chuchu ya mpira kwa ulimi, na nilipompa titi alinyonya huku bado anashikwa na kwikwi. Kesho yake alianza kulia alipoiona chupa tu.

Tangu hapo nasema bila kumung'unya maneno: mtoto aliyeshikwa na njaa kali hajifunzi kitu. Titi na chupa ni kazi mbili tofauti. Kwenye titi hupanua kinywa, hulivuta ndani, na maziwa huja kwa vipindi, akipata nafasi ya kupumua. Chupa iliyoinamishwa humiminika hata asipovuta. Anayeikataa si mkaidi, hajaijua bado.

Sisi tulianza upya. Baba yake ndiye aliyempa, mimi nikitoka kabisa chumbani, maana mtoto akinusa maziwa ya mama yake atataka titi, na nani atamlaumu? Tulichagua muda ambao ameamka vizuri na njaa haijamshika. Chuchu yenye tundu dogo. Maziwa mililita 20 tu, kwa sababu anayejua jasho la kukamua hapendi kuyamwaga. Akakalishwa wima, chupa ikalazwa, chuchu ikagusa mdomo wa juu, kisha baba akasubiri afungue mwenyewe. Akigeuza uso, basi, mpaka kesho.

Siku nne alitafuna tu. Ya tano nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, kilio hakikuja, nikasikia anameza. Nililia mimi.

Kama mwanao anakataa, onja pia maziwa yenyewe. Yakikaa kwenye friji, ya baadhi ya akina mama hupata harufu kama ya sabuni. Hayajaharibika, ila wapo watoto wasioyataka; jaribu yaliyokamuliwa muda huo huo.

Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Kati ya namba hizo mbili ndimo mama anamobaki na pampu na wasiwasi wake. Kwa hiyo usingoje jioni ya mwisho ya likizo. Mtoto akishazoea kunyonya vizuri, baada ya mwezi hivi, jaribuni kidogo kidogo.

Na asipoitaka kabisa, kipo kikombe kidogo. Hata watoto njiti hunyweshwa kwa kikombe: mshike wima, kiegemeze kwenye mdomo wa chini, usimmiminie. Atayalamba mwenyewe.