Gari jipya la yadi: tatizo si fundi, ni karatasi

Mombasa mtu akisema kanunua gari jipya, aghlabu ana maana limeshuka bandarini Kilindini juzi, likauzwa yadi kwa wauza magari, nailoni za viti hazijatolewa, na lina miaka saba. Huku Uingereza nako wengi twanunua yaliyotumika. Tofauti huonekana wiki ya tatu, taa ya injini inapowaka, ikazimwa, ikawaka tena.

Tulio huku tukirudi likizo tunapenda kuwasema mafundi wa nyumbani. Mimi siungi mkono. Fundi wa Mombasa atafungua alternata (inayochaji betri), abadilishe brashi na beringi, airudishe kazini. Huku watakuuzia alternata nzima na malipo ya kazi juu yake. Wanachotushinda Waingereza ni kuandika.

Sheria yao ya haki za watumiaji ya mwaka 2015 inampa aliyenunua kwa mfanyabiashara (si kwa mtu binafsi) siku 30 za kurudisha gari lenye kasoro na kudai pesa zake zote. Zikipita, muuzaji ana nafasi moja ya kutengeneza. Kasoro ikibaki, mnunuzi analirudisha, ingawa atakatwa kiasi kwa matumizi, au analibakisha kwa bei ya chini. Na ndani ya miezi 6 ya kwanza, mwenye kazi ya kuthibitisha kwamba kasoro haikuwepo siku ya mauzo ni muuzaji. Hiyo nafasi moja ndiyo inayofanya kila risiti ya gereji ihifadhiwe kama hati ya nyumba: tarehe, maili, malalamiko kwa maneno ya mteja, kilichobadilishwa.

Kenya nayo si pori. Sheria ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 31, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora wa kuuzika. Lakini ukilikagua gari mwenyewe, kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua huwezi kuidai baadaye. Bei ya gari huenda ikapita kiwango cha mahakama ya madai madogo, yaani shilingi 1,000,000; gharama ya matengenezo mara nyingi haipiti, na hapo wakili si lazima. Lakini utaingia na nini mkononi, kama mara tatu ulizopeleka gari gereji hazikuandikwa popote?

Maneno ya mteja yakiandikwa sawasawa humsaidia hata fundi. Chukua mfano wa joto la injini. Mtu anasema tu "gari lachemsha", fundi anang'oa thamostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) na kuitupa. Mshale unashuka, wote wanafurahi, kisha injini inakimbia ikiwa baridi, petroli inaliwa, na taa ya injini inawaka kwa kodi nyingine (namba ya hitilafu ambayo mashine ya fundi huisoma), pengine P0128, yaani injini haifikii joto lake. Mwenye gari angeulizwa: linachemka lini? Likiwa kwenye foleni ya feri Likoni na AC imewashwa, kisha mshale ukashuka ukishika mwendo kuelekea Ukunda, anza na feni: relei, mota, waya. Likichemka kwenye kasi au ukipanda Mariakani, tazama rejeta iliyoziba, pampu ya maji, au thamostati isiyofunguka. Mapovu yasiyokwisha kwenye rejeta? Shuku gasketi ya hedi, ile inayoziba katikati ya hedi na bloku ya injini, na hapo usiendeshe tena.

Ugonjwa wa kuvizia zaidi ni wa umeme, na hewa ya chumvi inauzidisha. Leo starti inagoma, kesho inakubali, mtu anauziwa betri mpya. Weka mita ya volti, ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzio apige starti. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa athi (unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari) umeliwa na kutu au nati imelegea. Fungua, sugua mpaka ung'ae, kaza, paka grisi. Betri haina kosa.

Kufuta kodi si matengenezo. Mwambie fundi apige picha ya kodi na ya vipimo vilivyohifadhiwa nayo (joto, kasi, mzigo wa injini) kabla ya kufuta. Na pale yadi, chomeka mashine ya kusoma kodi kabla ya kulipa: ikionyesha kwamba majaribio mengi ambayo gari hujipima lenyewe bado hayajakamilika, kodi zimefutwa karibuni au betri ilichomolewa. Betri kuchomolewa yadi ni jambo la kawaida, kwa hiyo usigombane. Liendeshe, kwa idhini yao, umbali wa kutosha kisha usome tena.

Mkataba ukiwa na maneno "lilivyo na lilipo", yaani unalichukua na kasoro zake, usiweke saini kwanza. Omba iandikwe kwa kalamu, chini ya hapo: kilomita za leo, kodi zilizosomwa leo, na kwamba injini, geabox na mfumo wa kupoza vikipata hitilafu ndani ya siku 30 muuzaji atatengeneza kwa gharama yake. Akikataa siku 30, jaribu 14. Akikataa hata saba, yadi nyingine haiko mbali.