Chanjo ya bure ya mdondo isimwondoe mama mchanjaji

Juni 2025, mjini Bariadi, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo. Ng'ombe na mbuzi waliwekewa ruzuku, kuku wa asili wakachanjwa bure. Tangu hapo wapo wanaouliza: mama wa kijijini anayechanja kuku kwa ada ndogo ana kazi gani tena?

Hoja yao ina uzito. Mjane mwenye kuku watano mara nyingi hana hata hiyo ada, na kuku wasiochanjwa ndiko ugonjwa unakopata makao. Chanjo ya bure inamfikia.

Lakini tuangalie kalenda. Mdondo, au kideri, ule ugonjwa wa kuku, hauzuiwi kwa chanjo moja. Kinga hushuka, ndiyo maana I-2, chanjo ya mdondo ya matone, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Na kuku wa kienyeji hawaangui kwa ratiba ya wizara. Timu ya kampeni ikiondoka leo, wiki ijayo tetea anatoka na vifaranga kumi ambao hawajapata hata tone. Kiangazi kinapofika, wakati mdondo huvuma sehemu nyingi, hao wameshakua na hawana kinga. Ugonjwa ukiingia unaweza kumaliza karibu kundi zima kwa siku chache. Na kundi hilo ndilo daftari za watoto na nauli ya zahanati. Kwenye kaya nyingi ng'ombe ni wa baba. Kuku ndiye mnyama ambaye mama anaweza kumuuza bila kuomba ruhusa.

Kinachohitajika basi ni mtu wa kurudi. I-2, inayotengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), inastahimili joto kuliko chanjo nyingi, hivyo mchanjaji huibeba kwenye kikapu, imefungwa kitambaa chenye maji. Anafika alfajiri kuku hawajafunguliwa, anamlaza mmoja ubavu, tone moja jichoni, anasubiri apepese ndipo amwachie. Chanjo ikishachanganywa haikai, kwa hiyo siku huwa amepatana na majirani. Anajua tetea wa nani analalia. Ada anayopokea hununua chupa ijayo.

Wateja wake wakianza kungoja bure, ataacha, na kati ya kampeni na kampeni kijiji hakitakuwa na mtu. Ningependa ruzuku hiyohiyo ipitie mikononi mwake: chupa zitoke bure, yeye alipwe kwa kila kuku, mara tatu kwa mwaka, na afisa mifugo amsimamie. Usimamizi huo ni wa lazima, kwa sababu kuku aliyekwisha kuambukizwa atakufa hata akichanjwa, na lawama zote humwangukia mchanjaji asipokuwepo mtaalamu wa kuwaeleza wenye kuku.