Baada ya mafumbo kuondolewa LSAT, mtihani wa kuingia vitivo vya sheria Marekani, mazoezi yake yana kazi gani?

Watu watano wanasubiri kwa daktari: Asha, Bakari, Chausiku, Dau na Eliza. Wanaingia mmoja mmoja. Asha anaingia kabla ya Bakari. Chausiku anaingia mara tu Bakari anapotoka. Dau si wa kwanza wala wa mwisho. Nani anaweza kuwa wa kwanza?

Asiyezoea ataanza kupanga kwa kubahatisha, na mipangilio iko 120. Aliyezoea anachukua penseli. Anaandika BC pamoja, kama watu walioshikana mikono, A anamweka kushoto kwao, kisha anachora visanduku vitano na kumkata D kwenye cha kwanza na cha tano. Basi. Wa kwanza ni Asha au Eliza, wa mwisho ni Chausiku au Eliza, na katika ile mipangilio yote imebaki sita tu.

Fumbo hilo nimelitunga mwenyewe, lakini ndugu zake waliwatoa jasho waombaji wa vitivo vya sheria Marekani na Kanada kwa miaka zaidi ya 40. Marekani sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, si moja kwa moja kutoka kidato cha sita kama kwetu, na mlango uliozoeleka ni mtihani wa LSAT, ambao alama zake huanzia 120 hadi 180. Sehemu ya mafumbo ilikuwa na dakika 35, mafumbo manne, maswali ishirini na kitu. Ilifanywa kwa mara ya mwisho Juni 2024. Tangu Agosti mwaka huo nafasi yake imechukuliwa na sehemu ya pili ya kuchambua hoja fupi, huku ile ya ufahamu ikibaki. GRE, mtihani wa wanaoomba shahada za juu, ilishaachana na mafumbo ya aina hii mwaka 2002 na kuweka insha.

Kilichoyaondoa kwenye LSAT ni ile penseli. Angelo Binno, mwanamume wa Michigan asiyeona, alifungua kesi mwaka 2011 dhidi ya Chama cha Wanasheria cha Marekani, kinachotoa ithibati kwa vitivo vya sheria, na baadaye akaishtaki LSAC, taasisi inayotunga mtihani wenyewe. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mtahiniwa anatarajiwa kuchora, na yeye hawezi kuona mchoro. Mwaka 2019 walipatana, LSAC ikakubali kutafuta ndani ya miaka minne namna nyingine ya kupima uwezo huohuo. Kwa upande huu sioni la kubishania. Wakili asiyeona hufanya kazi yake bila kuchora visanduku.

Lakini kulikuwa na lawama nyingine, nayo siikubali haraka hivyo. Wakosoaji walisema mafumbo yanafundishika mno: mtu anaanza akikosa nusu, anapiga pasti pepa miezi mitatu, anamaliza akipata karibu yote. Kwao huo ulikuwa ushahidi kwamba sehemu ile haipimi akili, inapima tuisheni. Mimi naona kinyume. Kwa mtu asiye na mjomba wakili wala shule ya bei mbaya nyuma yake, jambo linalofundishika ndilo lenye matumaini. Tena tangu mwaka 2018 Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, kwa ushirikiano na LSAC, ilikuwa ikitoa masomo ya LSAT bure. Kilichobaki kuwa ghali ni muda. Anayetoka zamu ya usiku hana saa mbili za kuchora visanduku kila siku, na hapo wakosoaji wana haki yao.

Kuna jambo ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha: lugha. Mafumbo yaliandikwa kwa sentensi fupi, kavu, kama hizo za Asha na Bakari. Aliyejifunza Kiingereza darasani, ambaye nyumbani wanaongea Kiswahili, alikaribiana hapo na mzawa wa Boston. Katika miaka yake ya mwisho ndiyo ilikuwa theluthi ya mtihani. Sasa theluthi hiyo ni aya za hoja zenye vijembe na maneno ya kuzungukazunguka. LSAC ilisema utafiti wake ulionyesha kwamba mabadiliko haya hayagusi alama kwa ujumla. Sawa, lakini alama za jumla zikitulia hazituambii ni nani amepanda ndani yake na nani ameshuka.

Je, anayejiandaa leo aviguse vile vitabu vya mafumbo, ambavyo sasa huenda akavipata kwa bei ya kutupwa? Kidogo, na kwa sababu moja. Chukua mama anayemwambia mwanawe, "Ukimaliza kula, utakwenda kucheza." Mtoto anaelewa kwamba asipomaliza haendi, na nyumbani yuko sahihi kabisa. Kwenye LSAT amekosa, kwa sababu mama hajasema lolote juu ya asiyemaliza. Tunachoweza kudai ni kwamba mtoto aliyezuiwa kucheza hakumaliza chakula chake. Kosa hili bado limejaa katika maswali ya hoja, na hakuna kinachokutoa humo upesi kama mafumbo, maana fumbo halina huruma: ukigeuza sharti vibaya, mpangilio wote unagoma.

Baada ya hapo faida inakwisha. Maswali mengi ya hoja yanauliza dhana gani imefichwa, au kwa nini mfano huu haufanani na ule, na huko visanduku ni mzigo. Nimekaa na mtu aliyekwisha kuzama kwenye mafumbo, akajaribu kuchora aya iliyohusu bei ya samaki. Alijaza nusu ukurasa kwa herufi na mishale, dakika zikaenda, kumbe jibu lilikuwa kwenye neno "wengi" lililokuwa limegeuka "wote" katika sentensi ya mwisho. Kwa hiyo wiki mbili za mafumbo, tatu zikizidi, mpaka ule mtego wa mama na chakula uache kukunasa. Muda uliobaki asome tahariri ndefu za Kiingereza, moja kwa siku, na kila aya ajiulize mwandishi amedai nini na amethibitisha nini.