Si Buibui, ni Ujakazi

Jaribu kulitafsiri jina la The Handmaid's Tale, riwaya ya Margaret Atwood iliyotoka mwaka 1985. Utapata Hadithi ya Mjakazi. Msomaji wa Kiingereza aweza kulipita neno hilo kama msamiati wa kale wa Biblia. Sisi hatuwezi. Mjakazi ni mtumwa wa kike, na hapa Lamu twajua alikolala: ghorofa ya chini ya nyumba ya mawe, pamoja na ghala.

Katika riwaya, serikali ya Marekani imepinduliwa na mahali pake pameshikwa na dola la kidini liitwalo Gilead. Uzazi umepungua, na wanawake wachache wanaoweza kushika mimba hugawiwa wakubwa wa dola wawazalie watoto. Huvaa nguo nyekundu, na wake wa wakubwa huvaa buluu. Msimulizi amenyang'anywa jina lake, sasa huitwa Offred, yaani wa Fred, kwa jina la bwana wake. Kusoma ni haramu kwake. Hoja ya dini imechukuliwa Mwanzo sura ya 30, pale Raheli asiyezaa anapompa Yakobo mjakazi wake Bilha.

Tulikisoma kitabu hiki Mkomani, mtaa wa hapa Lamu, wanawake sita kwa nakala mbili, tukikutana baada ya swala ya alasiri. Ubishi ulianzia kwenye nguo.

Mwenzetu mmoja, mwalimu, alikikataa kitabu kwa moyo wake wote. Mgeni akimwona na kitabu hiki mkononi naye kavaa buibui, alisema, atadhani anasoma habari zake mwenyewe. Na hoja zake zilikuwa nzito. Gilead inafunga akaunti za benki za wanawake wote siku moja, na fedha zao zinakwenda kwa mume au jamaa wa kiume. Katika sheria ya Kiislamu mali ya mke ni yake, mume hana fungu ndani yake, na Lamu familia za nyumba za mawe zilikuwa zikimpa binti nyumba anapoolewa, mume akaja kukaa kwa mkewe. Gilead inamkata mwanamke mkono akirudia kosa la kusoma. Huku kwetu, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham alipokuwa mgonjwa, alimwita binti yake aje akae karibu na wino na karatasi, akamtungia utendi ambao hadi leo wajulikana. Mwalimu aliuliza ni kwa nini basi tuazime hofu ya watu wengine.

Mwenzetu wa pili, mdogo wetu sote, alimjibu kwamba kitabu hakiwasemi Waislamu. Gilead imejengwa kwa mfano wa Wapuritani, Wakristo wenye msimamo mkali wa New England huko Marekani katika karne ya 17, na mwandishi ameeleza mara nyingi kwamba hakutia humo jambo ambalo wanadamu hawajalifanya mahali fulani. Romania ya Ceaușescu, kwa mfano, ilipiga marufuku utoaji mimba mwaka 1966 ili wanawake wazae zaidi. Tena katika hadithi yenyewe, wapinduzi wanapomuua Rais na wabunge, lawama inatupiwa Waislamu wenye siasa kali, na kwa hofu hiyo katiba inasimamishwa watu wakiwa wamekaa majumbani wanatazama televisheni. Hapo sote tulinyamaza. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, yaliyoua watu zaidi ya 60, Lamu iliwekewa kafyu, na wavuvi wa usiku wakazuiwa kwenda baharini. Hatari ilikuwa ya kweli, na sidai kwamba ile ilikuwa Gilead. Lakini twajua jinsi mtu anavyoizoea amri akiambiwa ni kwa usalama wake.

Mimi naona wote wawili walisema kweli, na wote wawili walimruka mjakazi.

Tulianzie hilo hilo vazi. Kabla ya buibui kuenea, mwanamke wa kiungwana wa Lamu alitembea chini ya shiraa, kitambaa kikubwa mfano wa hema kilichoinuliwa kwa vijiti, na waliovishika vijiti hivyo walikuwa watumwa. Mwungwana alisitirika, mtumwa alikuwa wazi. Utumwa ulipoondoka, wanawake wengi wa pwani waliotoka utumwani walilivaa buibui kudai heshima waliyonyimwa. Kwa hiyo mwalimu ana haki kukasirika: msomaji anayelitazama buibui akaona nguo nyekundu ya Gilead amekosea mlango.

Mlango wenyewe ni wa suria. Huyu ni mwanamke aliyemilikiwa, akalala na bwana wake bila kuulizwa, akamzalia watoto wa ukoo. Jina alilopewa na mama yake lingeweza kubadilishwa siku aliyonunuliwa. Ni lazima niseme tofauti pia, maana si ndogo: mtoto wa suria alizaliwa huru, mama yake hakuweza tena kuuzwa, na bwana akifa alikuwa huru. Mtoto wa Offred angekuwa wa mke wa bwana, na mzazi angehamishiwa nyumba nyingine. Lakini hiari haikuwapo huku wala kule. Sultani alipotangaza amri ya kukomesha utumwa Unguja na Pemba mwaka 1897, masuria waliachwa nje yake kwa hoja kwamba wao ni kama wake wa ndoa, hadi mwaka 1909. Katika pwani ya Kenya, hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1907.

Na hapa ndipo ninapomlaumu Atwood pia. Mateso ya wajakazi wake, kunyimwa kusoma, kupokonywa jina na watoto, ni mateso ya wanawake Weusi waliotumikishwa Marekani. Lakini Weusi katika riwaya, wakiitwa wana wa Hamu, wanahamishiwa Dakota Kaskazini kwa habari fupi ya televisheni, wakatoweka. Mkasa umebaki, wenyewe wameondolewa.

Nilipolisema hilo mwalimu aliniuliza kama sisi tumewaweka wajakazi wetu katika hadithi zetu. Mwana Kupona mwenyewe, katika utendi ule ule, anamwonya binti yake asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Offred ameacha kanda za sauti zilizokutwa baadaye. Mwana Hashima, binti wa Mwana Kupona, aliachiwa beti mia na zaidi. Mwenzetu mkubwa kuliko sote, ambaye nyumba yao ina vizazi vingi, alisema anayajua majina ya mababu wa kiume hadi wa saba. Kisha akataja kwamba mama wa mmoja wao alikuwa suria, na kwamba nyumbani humwita hivyo tu, suria.